Nani Acheze Jeremia: Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Castory amekufa.

Kwa wale ambao gazeti la Jumamosi lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma: Castory, mwigizaji wetu, alikuwa amelazwa juu ya mkeka sebuleni mwa nyumba moja ya Katubuka, shuka jeupe hadi kidevuni, pamba puani. Kamera mbili zilimtazama. Waombolezaji thelathini waliokusanywa mtaani walikuwa wanalia vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Ndipo mmoja wao, mwanamke wa kitenge cha kijani, alipomwinamia maiti na kumnong'oneza sikioni: "Jeremia, amka. Kesho mama anaanza kuona."

Maiti akaketi.

Waombolezaji wawili walikimbilia mlangoni, mmoja akatorokea dirishani. Waliobaki waliendelea kulia, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

"Kata," alisema Diana, mwongozaji wa filamu, aliyetoka Dar es Salaam na watu wake tisa na hakuwa na siku ya kupoteza. "Castory, wewe umekufa."

"Najua."

"Sasa unaketi kwa ajili ya nini?"

Castory alichomoa pamba puani. "Huyu ameniita jina langu."

"Jina lako Castory. Hata kuku wa hapa wanalijua."

"La zamani," alisema Castory.

Na hapo, msomaji, ndipo Diana alipojua kwamba mwigizaji wake mkuu, anayecheza mapacha wawili katika filamu moja, marehemu na yule aliyemuua, ana mtu wa tatu ambaye hakumwandika kwenye mkataba.

Jina Castory alijipa mwenyewe ndani ya treni, miaka kumi na tisa iliyopita, mahali fulani kabla ya Tabora. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Asubuhi ile alitakiwa aripoti chuo cha ualimu. Badala yake aliuza godoro na ndoo alivyonunuliwa na mama yake kwa ajili ya chuo, akakata tiketi ya Dar es Salaam, akaenda kuigiza.

Na aliigiza. Amekuwa padre mara tatu, jambazi mara saba, mkuu wa shule, mganga, mfalme, mlevi na mwenyekiti wa kijiji. Kwenye jukwaa moja alicheza watu watatu kwa jioni moja, na wawili kati yao walikuwa wanagombana. Siku mwigizaji wa kike aliposhikwa na malaria, alijifunga khanga akawa bibi harusi, na upande wa bwana harusi hawakulalamika. Redioni, kwa miaka tisa mfululizo, alikuwa Bwana Masumbuko, yule aliyemwekea mkewe sumu kwenye uji.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakurudi nyumbani, kijijini Simbo. Mwanzoni alisema atarudi akishapata jina. Alipolipata, lilikuwa la Masumbuko.

Mwanamke wa kitenge cha kijani alimvuta hadi uani. Castory alimtazama kwa muda mrefu.

"Mariana?"

"Ndiyo," alisema mdogo wake. Mara ya mwisho Castory alimwacha na miaka kumi na miwili, ana ukucha mbovu wa kidole gumba. Sasa alikuwa mke wa mtu, ana watoto wanne, na ukucha ulishapona.

"Mama ana nini?"

"Mtoto wa jicho. Macho yote mawili, mwaka wa kumi na moja huu. Leo asubuhi wamempasua la kulia. Kesho saa tatu wanafungua bandeji."

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilikupigia. Ukasema upo lokesheni, utanipigia. Nikapiga tena, namba haipo."

Castory aliruka hilo. Aliuliza jingine.

"Miaka yote hiyo, pale Simbo alikuwa anaishi na nani?"

Mariana alitazama vidole vyake.

"Na wewe," alisema.

Turudi nyuma kidogo hapa, kwa sababu Castory mwenyewe alichelewa kuelewa.

Zamani, kabla ya treni, alikuwa kwenye kikundi cha maigizo cha Ujiji. Kikundi kilikuwa na kijana mwingine, Elia, mjukuu wa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Kazi ya Elia ilikuwa kukariri maneno yote ya mwenzake, kuiga sauti yake na kusimama nyuma ya pazia, ili mwenzake akiugua aingie yeye. Kwa miaka mitatu mwenzake hakuugua hata mafua.

Baadaye Elia naye alikwenda Dar es Salaam kujaribu bahati. Haikuwepo. Alipokuwa anarudi, Castory alimpa blanketi na doti ya kitenge ampelekee mama.

"Akavipeleka," alisema Mariana. "Hakuondoka tena. Mama anamwita Jeremia."

"Na wewe ulikubali?"

"Nilikuja kumsalimia mama nikamkuta mwanamume juu ya paa anapigilia bati. Mama yuko chini anakula. Alikuwa na wiki hajala vizuri. Nikasema nitaongea akimaliza kula."

"Kisha?"

"Akaomba kuongezewa."

Diana alitokeza kichwa uani. Alisema mchana ule angepiga picha za waombolezaji peke yao, kwa kuwa wapo na wanalia. "Lakini kesho saa nne tunakuzika," alimwambia Castory. "Usichelewe."

Walipanda bodaboda moja kwenda Rusimbi, Mariana katikati, Castory nyuma akiwa bado na unga mweupe wa kuigizia maiti usoni. Dereva alimtazama mara moja kwenye kioo. Baada ya hapo hakutazama kioo tena.

Nyumbani kwa Mariana, mwanamume mfupi, mnene, alikuwa mlangoni na chupa ya uji mkononi. Aliuona ule uso mweupe, akaujua.

"Karibu, Jeremia," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yuko macho. Asiiname, daktari amekataza. Na usimpe habari ya ghafla."

"Wewe ndiwe unayenielekeza kwa mama yangu?"

"Leo, ndiyo," alisema Elia.

Castory alimpita.

Njiani alikuwa ametunga hotuba. Ilikuwa na mwanzo, katikati na mahali pa kupiga magoti. Lakini alipomwona Mama Klementina kwenye kochi, amekuwa mdogo, jicho la kulia limefunikwa bandeji na la kushoto jeupe kama maziwa, hotuba yote ilimtoka. Yalibaki maneno mawili.

"Shikamoo, mama."

Mama Klementina alinyanyua kichwa.

"Sema tena."

"Shikamoo, mama."

"Jeremia," alisema mama.

 Castory alisogea hatua mbili, mikono mbele.

"Jeremia mwanangu," mama aliendelea, "mtoe huyu mtu."

Nyuma yake, Elia aliweka chupa chini. "Ni nani, mama?"

"Masumbuko. Yule wa redioni. Amemwekea mkewe sumu, sasa amekuja huku. Wewe ulishika uji hapo mlangoni. Amesogea karibu nao?"

"Hapana, mama."

"Umwage."

"Mama, yule ni mwigizaji," alisema Mariana. "Ni mchezo tu."

"Mchezo gani wa miaka tisa?" aliuliza mama.

Elia alitazama sakafu. Mariana alitazama dari. Castory alitoka nje, na ule uji ulimfuata nyuma, ukamwagwa kwenye mgomba.

Walikaa uani juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa, Jeremia wa kwanza na Jeremia wa pili. 

"Umeniibia mama," alisema Castory hatimaye.

Elia alifikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Huenda ndiyo sababu jukwaa lilimshinda.

"Nilifika saa kumi jioni," alisema. "Alikuwa amekaa kizingitini, ameelekeza uso barabarani. Akanishika mkono. Akasema, Jeremia, umechelewa. Nikasema, samahani mama. Nilidhani ni onyesho moja."

"Ungemwambia ukweli."

"Nilipanga nimwambie asubuhi. Asubuhi akaniambia paa linavuja. Nikatengeneza paa. Ikaja palizi. Ikaja mvua. Simbo nzima wanajua. Mbele yake wananiita Jeremia, nyuma ya nyumba wananiita Elia. Hakuna aliyekosea hata siku moja, hata watoto. Sijawahi kuona kikundi kizuri namna ile."

"Na wewe ulipata nini?"

"Mama yangu alifia Ujiji kabla sijaota meno," alisema Elia. "Sikuwa nimewahi kuambiwa na mtu kwamba nimechelewa."

Castory alifuta unga usoni kwa kiganja. Ulikuwa umeanza kufanya michirizi.

"Kesho atakuona," alisema.

"Ndiyo. Ataona mtu mfupi. Mwanawe hakuwa mfupi." Elia alisimama. "Kwa hiyo nimefikiri. Uso ni wako, sauti ni yangu. Nitakufundisha sauti. Kesho atafunguliwa akuone wewe, anisikie mimi, na hatajua kwamba alidanganywa. Mimi nitashuka Kibirizi, kuna mitumbwi ya mizigo inakwenda kusini. Nina jamaa huko wanaanika dagaa."

Mpango ulikuwa mzuri. Kitu kimoja tu kilihitajika, nacho kilikuwa rahisi kwa mtu aliyewahi kuwa mfalme na bibi harusi. Castory alitakiwa aigize Jeremia.

"Ukiingia, kohoa kwanza," alisema Elia.

"Mimi sikohoi."

"Jeremia anakohoa. Mwaka wa sita huu. Kisha msalimie kwa lugha ya nyumbani, mwakeye mama. Usiseme shikamoo. Shikamoo anawaitikia wageni."

Castory alikwenda hadi kwenye kamba ya nguo, akageuka, akaja, akakohoa. "Mwakeye, mama."

"Huyo ni padre," alisema Elia.

Alirudia.

"Huyo mkuu wa shule."

Alirudia. Alivua viatu. Alijaribu kwa pua, akajaribu kwa koo. Alikumbuka alivyofundishwa kumtafuta mhusika ndani yake. Alitafuta, akakuta mfalme, mlevi na mwenyekiti wa kijiji. Jeremia hakuwepo.

"Naomba unioneshe," alisema mwishoni.

Elia alikwenda kwenye kamba. Alirudi taratibu, mtu aliyetoka shambani na njaa ambaye hataki mama ajue kama amechoka. Akakohoa. "Mwakeye, mama," alisema, na ilikuwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na miwili kabla hajauza godoro.

Kutoka ndani Mama Klementina aliitikia. Aliuliza kama yule mtu ameondoka.

"Bado kidogo, mama," alisema Elia.

Castory alikaa juu ya ndoo. Miaka kumi na tisa hakuna aliyemwambia kwamba nafasi fulani imemshinda. Sasa ilikuwa imemshinda nafasi yake mwenyewe, na aliyeishika alikuwa yule wa nyuma ya pazia. Alitaka kukasirika. Alipojitazama vizuri, aliona kuwa analia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kazi hii hakujua upande gani wa uso wake unaonekana.

Elia hakumgusa. Alianua nguo za mama kwenye kamba, akaanza kuzikunja, sketi chini, blauzi juu, kwa mpangilio ambao ni dhahiri mama ndiye aliyeutaka.

"Usiende kusini," alisema Castory.

"Nikibaki, atajua."

"Ukienda atauliza uko wapi. Nitamwambia nini, kwamba niko hapa?"

Mariana alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mikono kiunoni. Alikuwa ameamka saa kumi alfajiri, amempeleka mama hospitali, amelia kwenye msiba wa mtu asiyekufa na amepanda bodaboda na maiti.

"Mtakuja wote wawili," alisema. "Mtasimama mbele yake na mtanyamaza. Macho ni yake. Acheni aone anachokiona."

Kesho yake, saa tatu kasoro, walikuwa kwenye chumba cha macho. Mama Klementina aliketishwa kwenye kiti cha magurudumu ingawa alisema miguu haikupasuliwa. Elia na Castory walisimama ukutani, bega kwa bega, au niseme bega kwa sikio. Castory alikuwa amenawa vizuri na kuvaa shati la shemeji yake. Elia alivaa lile la Jumapili. Simu ya Castory ilikuwa inatetemeka mfukoni. Diana alikuwa anauliza maiti yuko wapi.

Muuguzi aliitwa Winfrida. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," alisema Mariana.

"Na hawa?"

"Mmoja ni mtoto wake."

Winfrida aliwatazama. Alikuwa na wagonjwa kumi na wanane wanaosubiri. Hakuuliza ni yupi.

Alibandua plasta, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Akatoa pamba. Akasafisha jicho, akatia matone mawili ya dawa.

"Fungua, mama. Usilazimishe."

Kope zilitetemeka. Zikafunguka.

 Mama Klementina alitazama mkono wa Winfrida uliokuwa mbele yake.

"Vidole vingapi, mama?"

"Vitatu," alisema. "Na mikono yako inataka mafuta."

Winfrida aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaona.

Mama aligeuza shingo. Alimwona Mariana, akamtazama juu hadi chini. "Umenenepa," alisema, na machozi yakamshuka Mariana yenyewe, bila kamera. Mama alitazama dirisha. Alitazama ukuta. Akafuata ukuta hadi kwa wanaume wawili.

Elia alisahau walivyokubaliana. Alikohoa.

Jicho likamwendea. Likakaa kwake. Mama alimtazama mtu yule mfupi, viganja vyake vilivyopasuka kwa jembe, shati lake la Jumapili lenye kifungo ambacho mama mwenyewe alikishona kwa kupapasa, na ndiyo maana kilikuwa cha rangi nyingine.

"Njoo," alisema.

Elia alisogea, akapiga goti. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akafumba jicho, akapapasa paji, pua, mashavu. Akafumbua, akatazama tena. Akafumba.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ni Jeremia. Nilidhani u mrefu kidogo. Si kitu."

Castory, ukutani, alipumua. Hakujua kama ni pumzi ya mtu aliyenusurika au ya mtu aliyezikwa. Aliona kwamba hapo pangekuwa mahali pazuri pa kuondoka. Alianza kusogea kuelekea mlangoni, kimyakimya, jinsi waigizaji wanavyotoka wakati taa ziko kwa mwingine.

"Na wewe simama hapo," alisema mama.

Alisimama.

Jicho lile jipya lilimpanda kutoka viatuni hadi utosini, bila haraka. Mama Klementina hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa anatarajia barua na barua imefika, imechelewa tu.

"Faustini," alisema.

 Faustini ni jina la baba yao. Castory alikuwa na miaka kumi na mitano Faustini alipotoka na mtumbwi wa mizigo na asirudi, na wao wakaambiwa na mama yao, wakiwa wamekaa mstari kwenye mkeka, kwamba baba amezama ziwani. Siku ile Faustini alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Castory, mwezi uliopita, alitimiza arobaini na mmoja.

"Mama," alisema Mariana, "baba alizama."

"Hakuzama. Mimi ndiye niliyesema alizama."

Mariana alishika mgongo wa kiti cha magurudumu.

"Ziwa lilikuwa shwari wiki ile yote," alisema mama. "Baba yenu alivuka akaenda kuishi Kalemie, huko Kongo, na mwanamke muuza mawese. Ningewaambia nini nyinyi watoto? Aliyezama haulizwi maswali." Aligeukia ukuta tena. "Hujazeeka hata kidogo, Faustini. Nilijua utarudi siku nitakayokuwa naweza kukuona, ili nisikudhanie mtu mwingine."

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Castory, ikaacha. Elia, akiwa bado amepiga goti, alimgeukia, na midomo yake ilifunguka bila sauti, kama zamani nyuma ya pazia. Lakini safari hii hata yeye hakuwa na maneno ya kumpa.

"Muuguzi, mpe huyu baba kiti," alisema Mama Klementina. "Kaa, Faustini. Mwanao Jeremia ni huyu hapa, amenitunza vizuri. Sasa niambie yule mtoto mwingine, mliyemzaa na yule muuza mawese huko, umemwacha na nani."

Winfrida alisogeza kiti.

Castory akakaa.